Hapo Ruka

Kitabu kilikuwa cha marehemu baba. Jalada lake lilikwisha kutoka siku nyingi, na mahali pake baba alibandika karatasi ya kaki, ile tuliyokuwa tukivalishia madaftari, akaandika juu yake kwa wino wa buluu: TIPPU TIP. Ndani, pembezoni mwa kurasa, palikuwa na mabano yaliyochorwa kwa penseli. Kando ya kila mabano aliandika neno moja tu: "ruka".

Kitabu hicho nilikuwa nimekisikia tangu utotoni, kwa sauti yake yeye mwenyewe, lakini mabano yale sikuyaona mpaka mwaka 2020, zamu ya kusoma iliponiangukia mimi.

Mwaka huo, kama unavyokumbuka msomaji, shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, na kesho yake vyuo navyo vikafungwa. Nikarudi nyumbani Ilala na begi la nguo chafu. Nyumbani kwetu ni vyumba viwili na ua. Nikamkuta mama, bibi mzaa baba, mdogo wangu wa kike aliyekuwa darasa la saba, na kitinda mimba wetu wa kiume wa darasa la tatu, ambaye tayari alikwisha kuutangaza mwaka huo kuwa mwaka wa mpira. Mama hakunipa hata nafasi ya kuoga. "Wewe si serikali imekukopesha usome?" akasema huku anageuza vitumbua. "Basi mkopo utaanza kuulipa hapa. Wafundishe wenzio."

Jamani, ualimu ni kazi! Nilichukua mlango wa kabati bovu nikaufanya ubao. Hesabu asubuhi, sayansi mchana, Kiingereza jioni. Siku ya tatu kitinda mimba akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Kaka, wewe si mwalimu." Na kweli. Nilikuwa nikiwapigia kelele kama walimu walivyonipigia mimi, nao walikuwa wakinisikiliza kama mimi nilivyowasikiliza wale, yaani macho ubaoni na akili uwanjani. Simu ya kupangusa nyumbani ilikuwa moja, ya mama, na bando lake lilikuwa la kuulizia bei ya unga.

Ndipo nikalikumbuka boksi lililokuwa chini ya kitanda cha bibi.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiswahili sekondari. Alifariki mwaka 2016. Enzi za uhai wake, baada ya chakula cha usiku, alikuwa akitusomea kwa sauti, na hakupenda kutusomea hadithi za sungura na fisi. Hizo, alisema, bibi anazijua bila kitabu. Yeye alisoma maisha ya watu. Watu waliokuwepo kweli, wakala, wakaugua, wakadaiwa, wakafa. Mimi nilikuwa nasikiliza huku nasinzia, na hata leo nikisikia harufu ya mafuta ya taa naiona midomo yake ikienda. Wadogo zangu hawakuyapata hayo. Mmoja alikuwa mdogo mno, mwingine alimjua baba kwa picha ya ukutani zaidi kuliko kwa sauti.

Basi nikafuta ratiba yote ubaoni. Mchana wafanye hesabu zao na kucheza. Usiku, baada ya sala ya Isha, tunakaa mkekani na kusoma kurasa tano au sita za maisha ya mtu mmoja mpaka yaishe. Luku ikikata, kibatari.

Nikaanza na Siti binti Saad, kwa kuwa kitabu chake ni chembamba. Wasifu ule aliuandika Shaaban Robert, ambaye alimkuta bibi yule angali hai. Siti alifariki mwaka 1950. Sikutegemea makubwa. Nilidhani watoto wa siku hizi watamkataa mwimba taarabu wa zamani wa Unguja. Kumbe mdogo wangu wa kiume alinaswa na vyungu! Siti alizaliwa kijiji cha Fumba yapata mwaka 1880, kwa watu maskini, akawa anabeba vyungu kwenda kuvinadi mjini, na watu wakaanza kuisikia sauti kabla ya kuiona bidhaa. Mdogo wangu akataka kujua chungu kimoja kilikuwa bei gani. Vingapi vinavunjika njiani? Akijikwaa je? Akiimba huku amebeba, hakosi pumzi? Jibu la nusu ya maswali hayo sikuwa nalo, na hapo nikagundua kwamba mtoto akikuuliza usichokijua ndipo anapoamini kwamba wewe si kanda iliyorekodiwa.

Dada mtu yeye alishikwa na jambo jingine. Taarabu ya kwa Sultani ilikuwa ikiimbwa kwa Kiarabu; Siti akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akapanda meli na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri. Na mtu huyo hakusoma shule! "Sasa nyimbo zote hizo aliziweka wapi?" akauliza. Nikamwambia, kichwani. Kesho yake, nikiwa nasafisha karai la mama, nikamsikia jikoni akiimba kwa mahadhi ya taarabu, tena kwa madaha ya mwambao: mdomo, umio, tumbo, utumbo mwembamba, utumbo mpana. Mmeng'enyo mzima wa chakula. Mama alicheka mpaka vitumbua vikaungua.

Nikawaeleza pia kwamba Siti alipozaliwa hakuitwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Siti, yaani bibi mwenye heshima, ni jina alilolipata ukubwani. Watoto wakashangaa, mtu anampaje mwanawe jina kama hilo? Bibi alikuwa kando yetu anapepeta mchele. Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Jina hupewa kwa sababu," akasema.

"Sababu gani bibi?"

"Soma, mume wangu. Usiku unakwenda."

(Bibi huniita mume wake tangu nilipozaliwa. Mama ni mke mwenza. Tumezoea.)

Baada ya Siti nikasoma Maisha Yangu ya Shaaban Robert mwenyewe, na hapa niseme ukweli hata kama wakubwa wa lugha watanichukia: watoto walilala. Ni kitabu cha kusoma ukiwa umekwisha kupata kazi na kuikosa. Zile tenzi za kuwausia wanawe bibi alizipenda sana, akawa anaitikia "naam" kila beti, lakini kitinda mimba alikuwa anakoroma. Tukarukia Mkwawa. Kitabu chake hatukuwa nacho, nikawasimulia ninavyojua: jinsi Wahehe walivyowapiga Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti mwaka 1891, jinsi Mkwawa alivyowindwa miaka mingi hadi akajiua mwaka 1898, na fuvu lake lilivyokwenda Ujerumani na kutajwa hata kwenye mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kisha likarudishwa mwaka 1954. Siku mbili nzima nyumba haikuwa na mazungumzo mengine ila fuvu. Mpira wa makaratasi ukabatizwa jina la fuvu. Mama akapiga marufuku.

Ndipo tukafika kwenye kile cha karatasi ya kaki.

Kwa asiyekijua: Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip, aliyaandika maisha yake mwenyewe, kwa Kiswahili, kabla ya kufariki Unguja mwaka 1905. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyeyachapisha. Nakala ya baba ina Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na mimi mahali Kiswahili cha kale kiliponishinda nilichungulia ng'ambo kwa siri. Baba alikuwa akisema hiki ni kitabu cha kwanza cha mtu wetu kusema "mimi" kwa kirefu hivyo kwa lugha yetu. Mwenye ndoto ya kuandika, alisema, lazima akipitie. Nami ndoto hiyo nilikuwa nayo, ninayo hata sasa, ndiyo maana unanisoma hapa.

Na kitabu ni kitamu, sikufichi. Kijana anaanza na biashara ndogondogo za sandarusi pwani, anaingia bara na baba yake, anakopa, anapata, anakopa zaidi, anafika Manyema upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, anakutana na akina Livingstone na Stanley, na mwishowe, mwaka 1887, Mfalme Leopold wa Ubelgiji anampa ugavana wa Stanley Falls. Tulichora ramani sakafuni kwa mkaa: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ziwa, Nyangwe, Kasongo. Mama akawa anairuka ramani kila alfajiri akienda kukanda unga, mtu asiifute. Pembe za ndovu katika kitabu zinahesabiwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, kilo 16 hivi, basi hesabu za kuzidisha ambazo ubao ulishindwa kuzifundisha, Tippu Tip alizifundisha kwa wiki moja.

Jioni za kwanza niliyatii mabano. Nilipofika kwenye penseli ya baba, jicho likateleza chini, nikaendelea pale alipofungua. Sikujiuliza sana. Nilidhani ni mambo ya kuchosha, majina ya watemi na mito. Kusema kweli nilipenda kuvuka mahali alipovukia yeye. Ilikuwa kama kukanyaga nyayo zake.

Ni kitinda mimba aliyenikamata.

"Kaka, umeruka."

"Nimeruka nini?"

Alikuwa na daftari la hesabu mkononi. "Mpagazi mmoja anabeba kama frasila mbili, si ndivyo ulivyosema? Sasa hawa wameshinda vita, wamepata pembe zote hizi. Waliokuja nao hawatoshi kubeba. Waliobaki wametoka wapi?"

Nikatazama ukurasa. Ilikuwa pale baada ya vita na Nsama, mtemi wa Itabwa. Mabano yalikuwa marefu kupita yote, na neno "ruka" lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili. Nikasoma kimya kwanza. Humo mna mateka. Mtu anayeeleza bei ya kila kitu kwa uangalifu anawataja watu waliokamatwa kwa jumla, kwa mstari, kama mzigo mwingine uliopatikana pamoja na pembe. Basi. Sentensi inayofuata ni safari.

Niliinua macho. Bibi alikuwa ananitazama. Hapepeti, hashoni, ananitazama tu. Ningeweza kumwambia mtoto kwamba wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, jambo ambalo ni la kweli, tukalala salama. Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda ubishi wa ujana, labda aibu ya kukamatwa na mtoto wa darasa la tatu. Nikarudi juu ya mabano nikasoma yote, neno kwa neno, kwa sauti.

Bibi akainuka. Akakunja khanga yake, akaingia chumbani, mlango akaurudisha taratibu. Asubuhi nilimwamkia "shikamoo bibi", akaitika "marahaba" bila lile neno la mume wangu. Usiku wake hakuja mkekani. Na usiku uliofuata hakuja. Mama akaniuliza nimemfanya nini mama mkwe wake, nikasema nimesoma kitabu. Akaniangalia kama anayesema, kitabu gani hicho kisichokuwa na adabu?

Hapa inabidi nieleze. Sisi ni Wamanyema. Hapa Dar es Salaam, Kariakoo na Ilala, Wamanyema ni watu wenye jina: wana mitaa, wana majumba ya urithi, wana misemo. Sisi wenyewe tulilelewa tukiambiwa kwamba wazee wetu walikuja kutoka Kongo kufanya biashara. Biashara gani, hatukuuliza. Ukoo wa upande wa bibi unaanzia Ujiji, kwa mwanamke mmoja ambaye katika picha hayupo, na kabla ya huyo hakuna kitu, kana kwamba aliota ufukweni kama mwanzi.

Usiku wa tatu nilikuwa nimewachagulia watoto sehemu ya kuchekesha, ili hali ya hewa itulie. Ni pale Tippu Tip anapofika kwa mtemi mzee aitwaye Kasongo Rushie. Amekwisha kusikia kwamba zamani binti wa ukoo ule alitekwa akapotea. Basi naye anapiga uongo wa mwaka: anadai kwamba binti yule ndiye bibi yake, kwamba yeye ni damu yao iliyorudi. Mzee anaamini, anafurahi, anamwachia utawala. Watoto walikuwa hoi kwa kicheko, kitinda mimba anagaagaa mkekani, "tapeli huyo, tapeli!" Mlango wa chumbani ukafunguka.

Bibi akaja akakaa mahali pake.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Haya. Huyu alitunga bibi aliyetekwa, akapewa nchi. Mimi ninaye wa kweli, nimemficha miaka 80."

Hakuna aliyepumua. Hata mama aliyekuwa anaosha masufuria uani akaacha.

Akatusimulia. Sitayaweka yote hapa. Yule mwanamke wa Ujiji alikuwa bibi yake mzaa mama. Alitoka Manyema akiwa mtoto wa kimo cha dada yenu huyu, akasema, akimnyooshea mkono mdogo wangu wa kike, akavushwa ziwa, akakaa miaka katika nyumba ya watu Ujiji, kisha Tabora. Alipewa jina jipya, jina la siku aliyonunuliwa, na lile la kwanza, la kwa mama yake, lilimtoka kichwani akiwa bado msichana. Hilo ndilo lililokuwa likimliza uzeeni. Hakulilia kutekwa. Alilia kwamba mama yake akimwita ahera hatajua kuitika. Sheria ya kufuta utumwa Tanganyika ilipotoka mwaka 1922 alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na siku hiyo, kwa jinsi bibi alivyosimuliwa, alipika ugali kama kawaida. Bibi alimjua akiwa ajuza. Alikuwa hakubali mbuzi afungwe kamba shingoni mbele yake. Funga mguu, alikuwa akisema. Mpaka leo, msomaji, nyumbani kwetu mbuzi wa Idi hufungwa mguu, na mimi maisha yangu yote nilidhani ndivyo mbuzi wafungwavyo.

"Baba yenu nilimwambia," bibi akaendelea. "Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza ualimu, amekuja na kitabu hicho anakisifu. Nikamwambia, mwanangu, ukisoma mbele yangu, penye watu wale usisome. Akanitii. Alikuwa mtoto mtiifu." Akanyamaza. "Lakini nilikuwa najua anaporuka. Sauti yake ilikuwa inajikwaa. Kila akiruka mimi nilikuwa nawaona vizuri zaidi kuliko angesoma."

Kwa muda mrefu nilimwonea baba hasira kwa mabano yale. Mwalimu mzima! Siku hizi sina hakika. Ukisoma peke yako unaruka unavyotaka, kitabu hakidai. Ukisomea jamaa, mtu aliye katika mistari ile huenda amekaa palepale mkekani anapepeta mchele, na wewe una nusu dakika ya kuamua. Baba aliamua kama mwana. Mimi niliamua kama nani? Nilikuwa na miaka 21 na nilitaka kuonekana jasiri. Ikatokea heri, lakini ingeweza kutokea vingine, na siku tatu zile bibi hakula vizuri.

Watoto hawakuwa na shida hizi zangu. Kitinda mimba alimwuliza bibi moja kwa moja, "Kwa hiyo Tippu Tip ni mbaya?" Bibi akafikiri. Akasema, "Alikuwa anajua kusimulia." Wakaniomba tumalize kitabu. Tukamaliza, bila kuruka, na bibi akikaa mpaka ukurasa wa mwisho, akitoa sauti ya "hm" penye mabano yote ya penseli.

Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni nikaondoka. Shule za msingi zilibaki zimefungwa mpaka tarehe 29, na katikati hapo mdogo wangu wa kike alishika zamu ya kusoma. Aliniambia kwa simu ya mama kwamba wamerudia Siti, kwa ombi la bibi, na kwamba safari hii bibi aliwaeleza mwenyewe kwa nini mtoto anaweza kuitwa Mtumwa.

Mwaka huo nikaandika kurasa nne za maisha ya yule mama wa Ujiji. Zilinitoa jasho. Nilijaribu kumpa maneno ya kusema, nikayafuta. Nilijaribu kumpa jina, nikalifuta. Nilipokuja likizo nikamsomea bibi uani, mchana, wawili tu. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipofika ukurasa wa tatu, kwenye jambo moja lililotokea katika ile nyumba ya Tabora, alifumbua macho akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

"Hapo ruka, mume wangu."

Nikaingia ndani, nikatafuta katika boksi la baba mpaka nikapata kipande cha penseli, nikarudi nikachora mabano.